Tumbo la Mama Pacha

Asubuhi ya kuhama, watu huamka kabla ya jua. Wanaume hufungua zizi na kuwahesabu mbuzi wakitoka. Wanawake hubomoa vibanda, hukunja mikeka na ngozi, kisha huvifunga juu ya punda. Watoto hutumwa kutafuta kitu ambacho hakuna anayekumbuka kilipo. Asubuhi hiyo kilichopotea kilikuwa mfuniko wa sufuria kubwa.

"Wewe ndiye uliyeufanya usukani wa gari," alisema pacha mmoja.

"Na wewe ndiye uliyekuwa dereva," alijibu mwenzake.

Mama yao aliwasikia akacheka. Aliinama kuokota kamba, na kicheko kikakatika. Maumivu yalimshika upande wa kulia, chini ya mbavu. Alibaki ameinama, mkono ubavuni, mpaka yalipopoa.

"Bado tu?" aliuliza mama mkwe wake, aliyekuwa akikaza mzigo wa punda.

"Bado, mama. Huja na kwenda."

"Kinachokuja na kwenda, siku moja hukaa," alisema mama mkwe.

Watu walimwita Mama Pacha. Mumewe alifariki watoto wake wa kike wakiwa bado wadogo. Baada ya msiba, alibaki na ndugu wa mume. Walikuwa wafugaji wa kuhamahama. Mvua ikinyesha upande mmoja, wao walikuwa upande huo. Nyasi zikiisha, walifunga mizigo. Mbuzi na kondoo ndio waliowapa maziwa, nyama, nguo na ada ya shule. Wakifa mifugo, hakuna aliyejua angeishi vipi.

Kambi yao ilikuwa na vibanda vitatu. Kimoja cha Mama Pacha na watoto, kimoja cha mama mkwe, na kimoja cha shemeji yake na mkewe. Kulikuwa pia na mbwa watatu. Mkubwa wao aliitwa Askari, na jina lilimfaa. Fisi akinusa tu zizi, Askari alikuwa amekwisha kubweka. Mchana alilala mlangoni kwa Mama Pacha, na mapacha walimfanya mto. Usiku ukikaribia, baada ya chakula, aliachiwa sufuria alambe.

"Askari anaosha mara ya kwanza," walisema watoto, "sisi tunaosha mara ya pili."

Mnyama akichinjwa, sehemu nzuri ziliingia chunguni. Nyingine zote walitupiwa Askari na wenzake: mapafu, bandama, na ini likiwa na kasoro. Hakuna aliyeona ubaya. Mbwa naye ana tumbo.

Tumbo la Mama Pacha lilianza kuonekana wakati wa kiangazi. Watu wote walikuwa wakikonda. Yeye alikonda mashavu na mikono, lakini tumbo lilikwenda mbele.

Wa kwanza kulisema alikuwa mwanamke mmoja wa kambi ya jirani. Watu walimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzima. Walikutana kisimani, wanawake wengi wakingoja zamu.

"Shoga, hongera," alisema Redio.

"Hongera ya nini?"

"Ya huo mzigo. Au maji ya kisima umeyanywa yote peke yako?"

Wanawake walicheka. Mama Pacha hakucheka.

"Mume wangu yuko kaburini," alisema.

"Ndiyo maana tunauliza," alijibu Redio.

Mama Pacha alijaza ndoo yake, akaondoka. Ndoo ilikuwa nzito na njia ilikuwa ndefu. Lakini maneno hayana uzito. Yalimtangulia kambini.

Jioni ile shemeji yake alikuja, akasimama nje ya kibanda. Hakuwa mtu mbaya. Wakati maziwa yalipopungua, alikuwa akiacha sehemu yake ili mapacha wanywe. Lakini aliogopa sana maneno ya watu.

"Shemeji, sitaki ugomvi," alisema. "Niambie ni nani. Nitakwenda kuzungumza naye."

"Hakuna mtu."

"Tumbo halijijazi lenyewe."

"Hata mimi nashangaa. Linaniuma, shemeji. Siwezi kulala upande huu. Nikila kidogo tu, nashiba kama niliyekula karamu."

"Mimba yoyote ina mambo yake."

"Siyo mimba!"

Shemeji alitazama chini. "Kaka yangu hawezi kujisemea tena. Mimi ndiye ninayesema kwa niaba yake. Siku utakayojifungua, utarudi kwa wazazi wako. Watoto watabaki hapa."

Aliondoka. Mama Pacha alikaa juu ya mkeka bila kuwasha moto. Mapacha walikuja, mmoja akaketi kulia, mwingine kushoto. Walikuwa wamesikia yote.

Baadaye mama mkwe aliingia. Alimwambia alale chali. Aliweka viganja vyake viwili juu ya tumbo, akatulia kwa muda mrefu.

"Nimezaa saba," alisema, "na wajukuu nimewapokea kwa mikono hii. Tumbo la mtoto lina shughuli. Linapiga teke, linageuka. Hili limekaa kama mgeni asiyesalimia."

"Unaniamini, mama?"

"Nakuamini. Lakini kuaminiwa si dawa."

Mvua ilikuja, wakahama tena. Ikapita. Miezi ambayo mimba yoyote ingekuwa imekwisha, nayo ikapita. Mtoto hakuzaliwa. Tumbo liliendelea kukua.

Hapo watu walibadilisha maneno. Hawakusema tena kwamba Mama Pacha ana mtu. Walisema mtoto amelala tumboni, amekataa kutoka. Wengine walisema amelogwa. Mtu mmoja alikuja kambini na wembe wake mfukoni. Alitaka kulichanja tumbo ili maji yatoke. Mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamfukuza kwa mwiko.

Mama Pacha aliacha kwenda kisimani pamoja na wenzake. Alikwenda jua likiwa kali, wakati wengine wamepumzika. Maumivu yalikuwa yamekaa sasa, kama alivyosema mama mkwe. Hakuweza tena kukamua mbuzi akiwa amechuchumaa. Mapacha walikamua, yeye akashika kibuyu.

Siku moja ilisikika pikipiki. Alikuwa afisa mifugo, amekuja kuwachanja mbuzi. Alikuwa mama wa makamo, mwenye viatu vya mpira na kofia iliyochakaa. Watu walimwita Daktari wa Mbuzi, naye hakukasirika.

"Wagonjwa wangu hawalalamiki," alisema. "Wanapiga mateke tu."

Alichanja tangu asubuhi. Shemeji aliwashika mbuzi pembe, mmoja mmoja. Katika msongamano wa zizini, kondoo mmoja alivunjika mguu. Shemeji aliamua kumchinja. Alimchuna chini ya kivuli, akampasua, akatoa ini.

Ini lilikuwa na vifuko vyeupe. Vingine vilikuwa vidogo kama punje ya mahindi. Kimoja kilikuwa kikubwa kama yai, kimejaa maji safi.

"Ini bovu hili," alisema shemeji. "Askari! Chukua!"

"Ngoja!" alipaza sauti Daktari wa Mbuzi. "Usimtupie!"

Mkono wa shemeji ulibaki hewani. Askari naye alibaki amefungua mdomo.

"Kwani vipi? Hatuli sisi. Ni la mbwa."

"Umewahi kuona vifuko kama hivi?"

"Mara nyingi. Si maji tu?"

"Ndani ya hayo maji mna mbegu za mnyoo," alisema Daktari wa Mbuzi. Alikuja karibu, akalielekeza ini kwa kijiti. "Ni tegu, lakini tegu mdogo sana. Hafiki hata punje ya mchele. Mbwa akila kifuko hiki kibichi, tegu wanakua katika utumbo wake. Wanaweza kuwa maelfu."

"Askari haumwi," alisema pacha mmoja.

"Kweli, haumwi. Anakimbia na kubweka kama kawaida. Lakini kinyesi chake kina mayai ya tegu. Huwezi kuyaona kwa macho. Yanabaki kwenye udongo, kwenye nyasi, kwenye maji. Mengine yanashika kwenye manyoya yake."

"Na kondoo anakula nyasi," alisema mama mkwe polepole.

"Ndiyo, mama. Kondoo anayameza. Mbuzi, ng'ombe na ngamia vilevile. Yanatoka tumboni, yanafika kwenye ini au mapafu. Huko yanageuka kuwa vifuko. Sisi tunachinja, tunampa mbwa, na yeye anaanza upya."

Mama Pacha alikuwa amesimama nyuma yao, kibuyu mkononi.

"Na mtu akiyameza?" aliuliza.

"Mtu anayameza kwa mikono isiyooshwa, au kwa maji machafu, au kwa chombo kilicholambwa na mbwa. Na mtu ni kama kondoo tu. Kifuko kinakua ndani yake polepole, miaka na miaka. Mwanzoni hahisi kitu. Baadaye tumbo..."

Daktari wa Mbuzi aligeuka kumwangalia aliyeuliza. Hakumalizia.

Mama mkwe alimshika afisa yule mkono, akamvuta hadi kwenye kibanda chake. Mama Pacha akawafuata. Walikaa humo kitambo. Walipotoka, Daktari wa Mbuzi alimwendea shemeji.

"Mimi ni daktari wa mifugo," alisema. "Siwezi kumpima mtu, na siwezi kusema ana nini. Lakini ningekuwa na dada mwenye tumbo kama lile, kesho angekuwa hospitali ya mjini. Kuna mashine inayopiga picha ndani ya tumbo. Haikati na haiumizi."

"Hiyo hadithi ya mbwa inamsitiri mtu," alisema shemeji.

"Basi nenda naye. Picha haina upande."

Shemeji alifikiri. "Nitakwenda," alisema mwishoni. "Lakini nikiona mtoto, huyu harudi kwenye kambi yetu."

Walisafiri kwa lori la mbuzi. Mama Pacha alikaa mbele, karibu na dereva. Shemeji alikaa nyuma pamoja na mifugo. Kila gurudumu lilipoingia shimoni, Mama Pacha alishika tumbo kwa mikono miwili.

Walifikia kwa dada yake Mama Pacha, fundi wa kushona. Alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya maduka. Nusu ya chumba ilikuwa cherehani na vitambaa, nusu nyingine kitanda. Dada alimpa mgonjwa kitanda. Shemeji alilala kwenye baraza. Dada mtu alimwekea shemeji chai mbele yake kwa nguvu kidogo, ikamwagika kwenye sahani.

Hospitalini walikuta watu wengi wamekaa kwenye mabenchi. Rangi ya ukuta ilikuwa imefutika pale vichwa vya watu vilipoegemea. Jina la Mama Pacha lilipoitwa, aliingia peke yake. Chumba kilikuwa na giza kidogo. Mpimaji alikuwa kijana mpole. Alimpaka tumboni dawa ya baridi, nzito kama uji.

"Mimba ina miezi mingapi, mama?" aliuliza.

"Pima kwanza," alisema Mama Pacha.

Mpimaji alipitisha kifaa chake juu ya tumbo. Alikwenda juu, akarudi chini. Alikunja uso, akasogea karibu na kioo cha mashine. Mama Pacha aliangalia dari. Aliwafikiria watoto wake. Kama mashine hii inaweza kukosea, basi leo ndiyo siku ya kuwapoteza.

"Mama," alisema mpimaji, "humu hakuna mtoto."

"Sema tena."

"Hakuna mimba. Kuna kifuko kikubwa cha maji kwenye ini. Nitamwita daktari."

Machozi yalitoka kwenye kona za macho ya Mama Pacha, yakaingia masikioni. Mpimaji alidhani ameogopa.

"Usiogope, mama. Ugonjwa huu unatibika."

"Siogopi. Nje kuna mwanamume amevaa shuka jekundu. Ni shemeji yangu. Mwite, umwambie yeye."

"Majibu ni siri ya mgonjwa. Una hakika?"

"Mimi sina siri, mwanangu. Hiyo ndiyo shida yangu. Hakuna anayeamini kwamba sina."

Shemeji aliingia, akasimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba. Mpimaji aligeuza kioo ili aone. Alimwonyesha duara kubwa jeusi. Ndani yake kulikuwa na maduara mengine madogomadogo. Shemeji alikuwa amechinja tangu ujana wake. Aliinama, akaangalia karibu.

"Hiki ni kile cha kondoo," alisema kwa sauti ya chini.

Daktari alikuja, akaeleza taratibu. Kifuko kilikuwa kwenye ini, na kilikuwa kimeanza zamani.

"Zamani kiasi gani?" aliuliza Mama Pacha.

"Miaka. Labda mume wako alikuwa bado hai."

Mama Pacha aliitikia kwa kichwa. Daktari aliendelea. Angekunywa vidonge kwa wiki kadhaa ili kuwadhoofisha wadudu. Kisha wangempasua na kukitoa kifuko.

"Kuna mtu alitaka kulichanja tumbo," alisema Mama Pacha.

"Mshukuru Mungu hakufanya hivyo. Kifuko kikipasuka ndani, maji yake yanaweza kumuua mtu palepale. Au yanasambaa, na vifuko vingine vinaota."

"Mama mkwe wangu alimfukuza kwa mwiko."

Daktari alicheka. "Mwiko huo umefanya kazi ya hospitali."

"Naweza kuwaambukiza watoto wangu?"

"Hapana. Ugonjwa huu hautoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Lakini wao wameishi na mbwa walewale. Waleteni wapimwe."

Walipotoka nje, shemeji alitembea nyuma. Barabarani magari yalipita, wauza matunda waliita wateja. Mwishoni alisema:

"Nitakwenda kuwaleta watoto."

Aliwaleta, pamoja na mama yake. Mapacha walipimwa, wakaonekana wazima. Siku hiyo, kwenye baraza ya fundi wa kushona, shemeji alimwambia mama yake, "Mama, mimi sina uso wa kumtazama yule mwanamke."

"Uso unao," alisema mama yake. "Ulichokosa ni subira. Anza kuitafuta sasa, maana atarudi, na mtaishi kambi moja."

Shemeji alirudi kambini akiwa na hasira, na hasira hiyo aliipeleka kwa mbwa. Hakutaka kuwaona. Mkewe alimsihi asiwaue. Basi akawafunga mbali kabisa na kambi, kwenye mti, Askari akiwa mmoja wao. Alfajiri iliyofuata fisi waliingia zizini. Askari alibweka kule kwenye kamba mpaka sauti ikakauka, lakini hakuweza kufika. Walipoteza vitoto kadhaa vya mbuzi, na mbuzi mmoja mwenye maziwa mengi.

Daktari wa Mbuzi alipopita tena, alimkuta shemeji akitengeneza uzio wa miiba.

"Nimesikia," alisema. "Umemfungia polisi, ukamwachia mwizi."

"Wewe mwenyewe ulisema ni mbwa."

"Nilisema ni tegu. Mbwa anapewa ugonjwa na mkono wetu sisi tunaomtupia ini bichi. Bila mbwa utachunga vipi? Tuwatibu."

Alitoa vidonge, akawapima mbwa uzito kwa macho na kwa mikono, akagawa kila mmoja wake. Wawili walimeza bila maneno. Askari alikula nyama, akatema kidonge. Wakakificha ndani ya mafuta. Akalamba mafuta, akatema kidonge.

"Huyu amesoma!" alisema mke wa shemeji.

Mwishoni walikisaga, wakakichanganya na mchuzi. Askari akanywa wote, akaomba tena.

"Kazi haijaisha," alisema Daktari wa Mbuzi. "Wafungeni karibu na zizi kwa siku mbili. Dawa inaua tegu, lakini haiui mayai. Kinyesi cha siku hizo kichimbieni, au kichomeni moto. Na dawa hii wapewe tena kila baada ya miezi mitatu. Mimi nitaleta."

"Na ini bovu tulipeleke wapi?"

"Shimoni. Chimba shimo refu, mbwa asiweze kulifukua. Weka mawe na miiba juu. Ukikosa nafasi ya kuchimba, lichome, au lichemshe kwa muda mrefu mpaka liive kabisa ndipo mbwa ale. Bichi, hapana."

"Sisi tunahama, daktari. Shimo halihamishiki."

"Koleo linahama," alisema yeye.

Shemeji alichimba siku ileile. Waliposogea kwenye malisho mapya, alichimba tena kabla hata ya kujenga zizi. Lakini aliona jambo moja. Mbwa wa kambi ya jirani walikuja kunusa pale. Na mbwa wake mwenyewe walikwenda kwa jirani. Alielewa kwamba shimo la mtu mmoja halitoshi.

Siku ya kunywesha mifugo, alisimama kisimani mbele ya wote. Hakuwa mzoefu wa kuhutubia. Alianza na tegu, akachanganya, akarudi nyuma. Kisha akaacha habari za tegu.

"Mke wa marehemu kaka yangu alikuwa mgonjwa," alisema. "Hakuwa na mimba. Nimeona kwa macho yangu. Mimi nilimshtaki, nikataka kumnyang'anya watoto. Nilikosea. Na nyinyi mliocheka hapa kisimani, mlikosea pamoja nami."

Mbuzi walikunywa. Redio aliangalia ndani ya ndoo yake kama aliyeangusha kitu.

"Sasa naomba kila kambi ichimbe shimo," alimalizia shemeji. "Na mbwa wote wapewe dawa pamoja."

Wengine walichimba wiki hiyo. Wengine walicheka, wakachimba baadaye, walipoona vifuko kwenye maini ya kondoo wao. Mzee mmoja alikataa kabisa, mpaka mama mkwe alipomtembelea. Hakuna anayejua alimwambia nini. Lakini watu walisema alikwenda na mwiko.

Mama Pacha alipasuliwa, akapona. Alikaa kwa dada yake mpaka mshono ukafunga. Alipokuwa na nguvu alimsaidia kukata nyuzi na kushona vifungo. Siku aliyorudi kambini, mapacha walimkimbilia, kisha wakasimama ghafla mbele yake. Tumbo halikuwapo. Walilitazama kama watu wanaotafuta jirani aliyehama.

Mambo mengi yalikuwa mapya. Nje ya kila kibanda kulikuwa na kibuyu cha maji na sabuni. Watoto walinawa kabla ya kukamua na kabla ya kula. Sufuria ziliwekwa juu ya kichanja. Askari alikuwa na bakuli lake mwenyewe, na hakuruhusiwa kuingia ndani. Aliguna siku chache za kwanza, akazoea.

Shemeji alikuja jioni. Safari hii hakusimama nje. Aliomba ruhusa, akaingia, akakaa chini.

"Nimesema kisimani mbele ya watu," alisema. "Lakini wewe hukuwapo. Nisamehe, shemeji."

Mama Pacha alimimina chai.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini sitakudanganya. Kidonda cha tumbo kimepona. Hiki kingine bado. Usiku nasikia yale maneno, kwamba watoto watabaki hapa."

"Nitafanya nini?"

"Ngoja tu. Na usichoke kungoja."

Shemeji aliitikia kwa kichwa. Walikunywa chai pamoja, bila haraka.

Msimu wa nyasi ulirudi, na baada yake mwingine. Mwaka huo alikuja kambini mwanamume mmoja kutoka mbali, na binti yake. Binti alikuwa amejifunika shuka kubwa ijapokuwa jua lilikuwa kali. Aliangalia chini tu. Baba yake alipokelewa, akapewa maziwa, lakini hakunywa. Alizungumza habari za mvua. Alizungumza habari za bei ya mbuzi. Alishindwa kusema kilichomleta.

"Binti yangu hajaolewa," alisema hatimaye. "Mwenyewe anasema hajui ni nini. Mimi nimemwambia, mtu hawezi kutojua..."

Shemeji aliweka mkono juu ya goti la mgeni.

"Ndugu yangu, usiendelee," alisema. "Ukisema neno hilo, hutaweza kulirudisha. Mimi nililisema, na hadi leo nalilipa. Kwanza apimwe."

Mama Pacha hakungoja wamalize. Alikwenda kwa binti, akamwambia avue shuka, kwa kuwa joto lilikuwa kali na pale hapakuwa na mtu wa kumcheka. Binti alisita, akavua, na tumbo lake kubwa likaonekana. Mama Pacha alimpa maji ya kunawa, kisha chai.

"Linakuuma wapi?" aliuliza.

Binti alionyesha upande wa kulia, chini ya mbavu.

"Sijui kama ni ugonjwa uleule," alisema Mama Pacha. "Daktari ndiye atakayejua. Lakini mimi nakuamini. Kesho lori la mbuzi linapita asubuhi. Utakaa mbele, mimi nitakaa karibu yako."

Binti alimwangalia kwa mara ya kwanza.

"Wataniumiza?"

"Hapana. Watakupaka kitu cha baridi, kama uji. Kunywa chai yako."